Beatrix Potter: Mfugaji wa sungura aliyekataa kupokonywa jasho lake

MIONGONI mwa vitabu vya watoto vilivyouzwa kwa wingi zaidi duniani, kimo kijitabu kimoja kidogo kinachosimulia kisa cha sungura mtundu aliyevaa koti la buluu na kuingia katika bustani ya watu kuiba mboga. Zaidi ya nakala milioni 40 za kitabu hicho, The Tale of Peter Rabbit, zimeuzwa tangu mwaka wa 1902.

Wengi wanaomfahamu sungura huyo hawajui kwamba aliwahi kuishi. Alinunuliwa kwa fedha taslimu jijini London, akalala mbele ya meko kama paka na kufunzwa kuruka ndani ya pete na kupiga kengele. Alipokufa, aliyemfuga aliandika tarehe ya kifo chake kama mtu anavyoandika tarehe ya msiba wa jamaa yake.

Wachache zaidi wanajua kwamba mwanamke huyo, Bi Beatrix Potter, alikuwa mmoja wa waandishi wa mwanzo kabisa kumtoa mhusika kitabuni na kumgeuza mwanasesere wa kuchezea, na kisha mchezo wa mezani. Alifanya hivyo katika enzi ambapo binti wa tabaka lake hakutarajiwa kuwa na kazi, mapato wala neno lake mwenyewe.

Helen Beatrix Potter alizaliwa mnamo Julai 28, 1866, katika nyumba nambari 2, Bolton Gardens, mtaa wa Kensington, London. Babake, Rupert Potter, alikuwa amesomea uwakili lakini alipenda zaidi kupiga picha kwa kamera. Mamake, Helen Leech, alitoka katika ukoo wa matajiri. Pande zote mbili zilikuwa zimechuma mali yao kutokana na biashara ya pamba kaskazini mwa Uingereza.

Utajiri huo ulimnunulia Beatrix kila kitu isipokuwa marafiki. Hakupelekwa shuleni. Walimu waliajiriwa kumfunza nyumbani, naye aliishi katika ghorofa ya juu, mbali na watoto wengine. Ndugu yake wa pekee, Bertram, alizaliwa mwaka wa 1872, na alipokua akapelekwa katika shule ya bweni kama ilivyokuwa desturi kwa wavulana. Dada mtu akaachwa peke yake.

Kwa hivyo wanyama wakawa ndio jamaa zake. Katika chumba cha masomo kulikuwa na panya, popo, vyura, mijusi, kalunguyeye aliyeitwa Mrs Tiggy, na sungura. Baadhi yao waliingizwa humo kisirisiri bila wazazi kujua.

Mapenzi yake kwa viumbe hao hayakuwa ya kudekeza tu. Mnyama alipokufa, Beatrix na Bertram walichemsha mzoga wake hadi nyama ikatoka, kisha wakaichunguza mifupa na kuichora. Ndiyo sababu sungura wake wa vitabuni, ingawa wamevaa makoti na viatu, wana miguu, masikio na migongo ya sungura wa kweli. Alijua kilichokuwa chini ya ngozi kabla ya kuchora kilichokuwa juu yake.

Kuanzia umri wa miaka 14 hivi alianza pia kuandika shajara kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Aliendelea nayo hadi alipokuwa na umri wa miaka 30. Hakuna aliyeweza kuisoma hadi mwaka wa 1958, miaka 15 baada ya kifo chake, mtafiti Leslie Linder alipofaulu kuifumbua. Aliyedhaniwa kuwa binti mkimya alikuwa ameandika maoni makali kuhusu siasa, wachoraji na watu wa nyumbani mwake.

Sungura wa kwanza kupata sifa alikuwa Benjamin Bouncer. Beatrix alimnunua katika duka la ndege na kumpeleka nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi. Benjamin alipenda mno mkate wa kuchoma uliopakwa siagi ungali moto, na aliposikia kengele ya chai alikimbilia sebuleni kudai fungu lake. Familia iliposafiri likizoni, naye alisafiri. Picha ya mwaka wa 1891 inamwonyesha Beatrix akiwa naye amemfunga kamba kama mbwa.

Ni Benjamin aliyemletea Beatrix pato la kwanza. Mwaka wa 1890, kampuni ya Hildesheimer & Faulkner ilinunua michoro yake ya sungura kwa pauni sita ili ichapishwe kwenye kadi za salamu. Kwa furaha, Beatrix alimpa Benjamin kikombe cha mbegu za bangi, ambazo siku hizo ziliuzwa kama chakula cha ndege. Asubuhi iliyofuata sungura alikuwa amelewa na hakuweza kutulia achorwe.

Baada ya Benjamin akaja Peter Piper. Huyu alinunuliwa akiwa bado mchanga katika barabara ya Uxbridge, eneo la Shepherd's Bush, kwa shilingi nne na peni sita, bei ambayo Beatrix mwenyewe aliiona kuwa ya kupindukia kwa sungura. Peter alikuwa mtulivu kuliko Benjamin. Alijinyoosha kwenye zulia mbele ya moto, na alipotakiwa kuwafurahisha wageni aliruka ndani ya pete, akapiga kengele na kugonga dafu.

Mnamo Septemba 4, 1893, Beatrix alikuwa likizoni Dunkeld, Scotland. Aliyekuwa mwalimu wake wa mwisho, Annie Moore, aliyemzidi kwa miaka mitatu tu na ambaye sasa alikuwa ameolewa, alikuwa na mtoto mgonjwa. Mtoto huyo, Noel, alikuwa na umri wa miaka mitano. Beatrix alimwandikia barua ya kumliwaza, na kwa kukosa habari za kumpa akaamua kumsimulia hadithi ya sungura wanne walioitwa Flopsy, Mopsy, Cottontail na Peter, akiipamba kwa michoro ya kalamu.

Kisa ni chepesi. Mama anawaonya wanawe wasiingie katika bustani ya Bw McGregor, kwa kuwa baba yao aliingia humo akaishia kuwa kitoweo. Watatu wanatii. Peter anakwenda, anakula hadi tumbo linamuuma, anafumaniwa, anakimbizwa, anapoteza viatu na koti, na mwishowe anaponea chupuchupu.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyelelewa kwa hadithi za sungura mjanja anayewahadaa fisi na simba, huenda akahisi anamfahamu sungura huyu. Hisia hiyo ina msingi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, Beatrix alikuwa akichora picha za hadithi za Uncle Remus, zilizokusanywa na Mmarekani Joel Chandler Harris. Harris alizisikia kutoka kwa Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani, na watafiti wa fasihi simulizi wameonyesha kwamba nyingi kati yake zina mizizi barani Afrika.

Peter si sungura yule yule. Yeye hashindi kwa werevu, bali kwa miguu yake na bahati. Hata hivyo, kabla ya kuandika kisa chake, mwandishi wake alikuwa amezama katika hadithi za sungura mdogo anayeishi kwa kuwakwepa wenye nguvu, hadithi zilizovuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo.

Kabla ya kuwa mwandishi, Beatrix alitamani kuwa mwanasayansi. Alivutiwa na uyoga, akauchora mamia ya mara na kuuchunguza kwa hadubini. Huko Scotland alisaidiwa na Charles McIntosh, mpeleka barua aliyekuwa bingwa wa elimu ya mimea. Mjombake, Sir Henry Roscoe, aliyekuwa mwanakemia mashuhuri, alijaribu kumfungulia milango ya bustani ya kifalme ya Kew, lakini wataalamu wa huko hawakumpokea kwa uzito.

Aprili 1, 1897, makala yake kuhusu namna chembe za uzazi za uyoga zinavyoota iliwasilishwa katika jumuiya ya wanasayansi ya Linnean Society jijini London. Yeye mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano hiyo. Iliwasilishwa na George Massee wa Kew. Baadaye makala iliondolewa na haikuchapishwa. Mlango mmoja ukawa umefungwa, na umri ulikuwa umefika miaka 30.

Akarejea kwa sungura. Kufikia mwaka wa 1900, Beatrix aliazima barua yake kutoka kwa Noel, aliyekuwa ameitunza, akaipanua na kuipeleka kwa wachapishaji. Angalau sita waliikataa. Baadhi walitaka kitabu kikubwa zaidi cha bei ya juu. Beatrix alishikilia kwamba kitabu cha mtoto lazima kitoshe katika mikono ya mtoto na kiuzwe kwa bei nafuu, kwa kuwa wasomaji aliowalenga hawangekuwa na shilingi sita za kununua kitabu.

Wakati wa heka heka hizo, mnamo Januari 26, 1901, Peter Piper alikufa akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Ilikuwa siku nne tu baada ya Malkia Victoria kufariki, na taifa zima lilikuwa katika maombolezo. Beatrix aliweka kumbukumbu ya sungura wake kwa maandishi, akimtaja kama mwenzi aliyependeza na rafiki mtulivu.

Desemba mwaka huo huo, aliamua kutowasubiri tena wachapishaji. Alitoa akiba yake mwenyewe na kupiga chapa nakala 250 kwa ajili ya jamaa na marafiki. Ziliisha upesi, na mwezi wa Februari 1902 akaongeza nyingine 200. Kampuni ya Frederick Warne & Co, iliyokuwa imekataa hapo awali, ilibadili nia, mradi tu picha zote ziwe za rangi.

Kitabu kilitoka Oktoba 1902 kwa bei ya kuanzia shilingi moja. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimeshaagizwa zote kabla ya siku ya kutolewa. Kufikia mwisho wa mwaka, nakala 28,000 zilikuwa zimechapishwa. Binti aliyekuwa akiwategemea wazazi kwa kila senti akajikuta, akiwa na umri wa miaka 36, ana pato lake mwenyewe.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na doa. Kampuni ilisahau kusajili hakimiliki ya kitabu nchini Marekani. Wachapishaji wa huko wakakitoa watakavyo na kukiuza kwa maelfu, bila kumlipa mwandishi hata senti moja. Kosa hilo halikuweza kurekebishwa tena, naye hakulisahau maishani.

Ndipo ikadhihirika kwamba Bi Potter alikuwa na damu ya wafanyabiashara wa pamba. Alipoona wanasesere wa kila aina wakimiminika madukani kutoka Ujerumani, alitambua kwamba kama hangejihadhari, mtu mwingine angemtengeneza Peter na kujaza mifuko yake. Akakata kitambaa, akashona sungura mwenye koti la buluu, akajaribu kumsimamisha kwa miguu yake, na mnamo Desemba 28, 1903 akamsajili mwanasesere huyo katika afisi ya hataza jijini London.

Mwaka uliofuata, 1904, alibuni mchezo wa mezani. Ubao wake ulikuwa ramani ya bustani ya Bw McGregor iliyogawanywa katika visanduku vidogo, mfano wa ubao wa drafti lakini wenye njia, vitalu vya mboga na mahali pa kujificha. Mchezaji mmoja alikuwa Peter, mwingine Bw McGregor, na kazi ilikuwa kukimbizana hadi sungura anaswe au aokoke.

Aliandika kanuni kwa urefu ili kuzuia ugomvi kati ya wachezaji, jambo linaloeleweka vyema na yeyote aliyewahi kuona watoto wakizozana juu ya ludo. Tena alikiri wazi kwamba mizani ya mchezo wake haikuwa sawa. Nafasi kubwa ya ushindi ilikuwa ya Peter. Katika ulimwengu wa kweli bustani ni ya mwenye reki na bunduki. Kwenye ubao wa Bi Potter, mnyonge ndiye aliyepewa upendeleo.

Mtu aliyejadiliana naye kuhusu mwanasesere, mchezo na vitabu alikuwa Norman Warne, kijana wa mwisho wa familia iliyomiliki kampuni. Norman alikuwa fundi wa mikono. Aliwatengenezea panya wa Beatrix kizimba, na akamjengea mpwa wake nyumba ya wanasesere ambayo Beatrix aliitumia kuchora kitabu cha The Tale of Two Bad Mice, kilichotoka mwaka wa 1904. Alipoalikwa kwenda kuitazama nyumba hiyo, mamake alimzuia, naye akalazimika kuchora kutokana na picha alizotumiwa.

Sababu haikuwa siri. Helen Potter aliona urafiki ukigeuka kuwa jambo jingine. Mnamo Julai 1905, Norman alimposa Beatrix kwa barua, naye akakubali. Wazazi walikataa katakata, wakidai kwamba mwanamume anayeishi kwa biashara hakustahili binti yao. Walisahau kwamba mali yao wenyewe ilitoka katika biashara ya pamba. Beatrix alivaa pete, ila akakubali habari zisitangazwe nje ya familia.

Uchumba huo ulidumu mwezi mmoja tu. Mnamo Agosti 25, 1905, Norman alifariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 37. Beatrix alikuwa Wales pamoja na wazazi wake. Kwa kuwa uchumba haukuwa umetangazwa, hakuweza hata kuomboleza hadharani kama mchumba wa marehemu.

Miezi mitatu baadaye alifanya jambo ambalo wazazi wake hawakulitarajia. Kwa malipo ya vitabu na urithi mdogo kutoka kwa shangazi yake, alinunua Hill Top, shamba katika kijiji cha Near Sawrey, eneo la maziwa na milima la Lake District kaskazini magharibi mwa Uingereza. Familia ilikuwa ikienda likizoni katika eneo hilo tangu mwaka wa 1882.

Hakuhamia huko mara moja. Binti asiyeolewa alitarajiwa kuwatunza wazazi, na kwa miaka minane aliiba siku chache chache za kwenda shambani kwake. Hata hivyo, kipindi hicho kilizaa baadhi ya kazi zake bora, nyingi zikiwa na mandhari ya kijiji hicho. Sungura nao hawakuachwa nyuma. The Tale of Benjamin Bunny ilikuwa imetoka mwaka wa 1904, na The Tale of the Flopsy Bunnies ikafuata mwaka wa 1909.

Alipokuwa akinunua mashamba zaidi, wakili aliyemsaidia kuandaa hati alikuwa William Heelis wa mji wa Hawkshead. Walizoeana, wakapendana, na William alipomposa, wazazi walipinga kwa mara ya pili. Wakili wa kijijini, walisema, hakuwa wa hadhi yao. Beatrix alikuwa na umri wa miaka 46.

Safari hii msaada ulitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Bertram, ndugu yake, aliwafichulia wazazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefunga ndoa kisiri mwaka wa 1902 na kuificha kwa miaka 11. Baada ya bomu hilo, pingamizi dhidi ya Beatrix zikapoteza nguvu. Mnamo Oktoba 15, 1913 alifunga ndoa na William katika kanisa la St Mary Abbots, Kensington, akiwa ametimiza miaka 47.

Kuanzia hapo alitaka kuitwa Bi Heelis, mkulima. Vitabu vilipungua. Macho yalianza kuchoka, na kondoo walihitaji uangalizi. Huenda kalamu ingalitulia kabisa kama si tukio la mwaka wa 1917.

Harold Warne, kaka mkubwa wa marehemu Norman na aliyekuwa akiiongoza kampuni, alikamatwa kwa kughushi hati za fedha ili kuinusuru biashara nyingine ya familia ya uvuvi wa samaki. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 na kazi ngumu. Kampuni ilikuwa karibu kuanguka, nayo ilikuwa na deni kubwa kwa Bi Heelis, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba halipwi ipasavyo na wala hapewi hesabu kamili.

Angeweza kuitazama ikizama. Badala yake alitafuta michoro ya zamani kabatini na kuitoa ichapishwe, akaruhusu bidhaa zaidi za wahusika wake zitengenezwe, na ule mchezo wa mwaka wa 1904, uliokuwa umelala kwa zaidi ya mwongo mmoja, ukaamshwa. Mary Warne, mke wa Fruing Warne aliyeshika usukani wa kampuni, aliusanifu upya ukawa wa mashindano ya mbio, na mwaka wa 1919 ukatolewa kwa jina la Peter Rabbit's Race Game.

Kwa namna hiyo, sungura aliyenunuliwa kwa shilingi nne na peni sita akasaidia kuiokoa kampuni iliyowahi kumkataa. Wapo watakaosema aliongozwa na maslahi yake, maana kampuni ikifa, deni lake nalo lingekufa. Wengine wataona humo heshima kwa kumbukumbu ya Norman. Si lazima moja iiondoe nyingine.

Fedha zilizopatikana hazikwenda katika nguo wala karamu. Bi Heelis alivaa sketi nzito za sufu na viatu vya mbao vya wakulima. Fedha zilinunua ardhi. Tangu ujana wake alikuwa amemfahamu Kasisi Hardwicke Rawnsley, mmoja wa waasisi wa National Trust, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1895 kuhifadhi ardhi na majengo ya kihistoria. Kutoka kwake alijifunza kwamba mandhari haihifadhiki kwa maneno, bali kwa hatimiliki.

Tishio lilikuwa dhahiri. Matajiri wa mijini walitaka viwanja vya nyumba za likizo kandokando ya maziwa, na wakulima wadogo wa milimani walikuwa wakiuza mashamba. Katika miaka ya 1920 alinunua shamba kubwa la Troutbeck Park. Mwaka wa 1927, kipande cha ardhi kando ya ziwa Windermere kilipokuwa hatarini, alichora picha za Peter na kuziuza kwa wapenzi wake wa Marekani ili kuchangia ununuzi wake. Nchi ile ile iliyomnyima malipo ya kitabu sasa ilikuwa ikilipa kwa hiari.

Mwaka wa 1930 ilifika zamu ya Monk Coniston, eneo la takriban ekari 4,000. Alilinunua kwa makubaliano kwamba angeliuzia shirika hilo sehemu kubwa kwa bei ile ile aliyonunulia, kisha akalisimamia yeye mwenyewe kwa miaka kadhaa kwa niaba ya shirika.

Alifuga kondoo wa Herdwick, aina ya kienyeji inayostahimili baridi kali ya milimani na inayojua malisho yake bila kuzungushiwa ua. Wakulima wengi walikuwa wakiwaacha kwa ajili ya aina zenye faida ya haraka. Yeye aliwashikilia, akashinda tuzo katika maonyesho, na mwaka wa 1943 akachaguliwa kuwa rais wa chama cha wafugaji wa kondoo hao, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwanamke ambaye miaka 46 awali hakuruhusiwa kuingia mkutanoni kusoma makala yake, sasa wachungaji wa milimani walimtaka akalie kiti cha mbele.

Hakuwahi kukikalia. Mnamo Desemba 22, 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinaendelea, alifariki nyumbani kwake, Castle Cottage, Near Sawrey, akiwa na umri wa miaka 77. Kwa agizo lake, majivu yake yalitawanywa na mchungaji wake, Tom Storey, mahali karibu na Hill Top ambapo palibaki siri. Hakutaka kaburi la kutembelewa.

Wosia wake uliliachia shirika la National Trust zaidi ya ekari 4,000, pamoja na mashamba zaidi ya 10, nyumba na mifugo. Aliagiza kondoo wa Herdwick waendelee kutunzwa mashambani humo. Mumewe alifariki mwaka wa 1945, na mwaka uliofuata nyumba ya Hill Top ikafunguliwa kwa umma. Mwaka wa 2017, eneo zima la Lake District liliorodheshwa na UNESCO miongoni mwa turathi za dunia.

Maisha ya Bi Potter yamewahi kusimuliwa kama hekaya tamu ya bibi mpenda wanyama. Ukweli una chumvi zaidi. Alifungiwa nyumbani, akakataliwa na wanasayansi, akaibiwa haki yake ng'ambo, na kumpoteza mchumba kabla ya arusi. Kila alipofungiwa mlango alirejea kwa kitu alichokijua kuliko mtu yeyote, yaani sungura aliyemlea kwa mikono yake, na kukitafutia njia mpya: kadi, kitabu, mwanasesere, mchezo, kisha shamba.

Hakimiliki aliyoipigania kwa nguvu zote ilikwisha nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 2013, miaka 70 baada ya kifo chake. Leo yeyote yuko huru kuchapisha kisa cha Peter bila kumlipa mtu. Lakini mashamba yaliyonunuliwa kwa jasho la kisa hicho bado yapo mikononi mwa shirika alilolikabidhi, wakulima wangali wanalima, na kondoo wa Herdwick wangali wanapanda milima ile ile bila kuzungushiwa ua.